Samaki Mchanga ni wa Nani?

Katika mialo ya Ziwa Viktoria mkoani Geita, toka Nkome mpaka Chato, wavuvi hulalamika kwamba sangara wamepungua. Wako wanaoukabili upungufu huo kwa kokoro, ijapokuwa sheria imelipiga marufuku, na kwa nyavu za matundu madogo. Hivyo huvuliwa hata sangara asiyetimiza sentimita 50, yaani kabla hajazaa. Ukimwuliza mvuvi wa namna hiyo, atakujibu: “Watoto wangu wana njaa.” Je, atenda dhambi?

Tusihukumu kwa haraka. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliyebanwa na shida kuu, asiye na njia nyingine, haibi akitwaa cha mwenzake ili aokoe maisha. Maana Mwenyezi Mungu aliviumba vitu vya dunia viwe riziki ya watu wote. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilikariri fundisho hilo mwaka 1965.

Lakini watu wote ni akina nani? Hata watoto watakaozaliwa kesho wamo. Dhahabu ya Geita ikichimbwa haizai tena. Samaki huzaa, akiachwa azae. Torati (Kumb. 22:6-7) ilimruhusu mtu kutwaa makinda ya ndege, ila ilimkataza kumchukua na mama yao. Mungu hakumnyima mtu chakula. Alikilinda chanzo chake.

Tena, njaa ya mvuvi si ngao ya tajiri. Yuko mwenye mitumbwi na nyavu, anayewatuma wengine majini. Yuko mchuuzi anayenunua samaki wachanga kwa siri. Tuko nasi walaji, wa Shinyanga na wa kwingineko, tununuao pasipo kuuliza, mradi bei ni nafuu. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto. Sheria yapasa kutiiwa; lakini haki yadai pia mvuvi maskini asaidiwe kwa mkopo apate wavu halali, na tajiri aliyenufaika asiachwe salama.

Basi, wazazi Wakristo, mkiletewa samaki mchanga, kataeni kumnunua, mkawaeleze watoto sababu yake. Nanyi wavuvi, jiungeni katika ushirika, mwonyane kidugu. Amri isemayo “Usiibe” yawalinda hata wale wasiozaliwa bado.