Daftari la Juma la Majivu



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike neno la kutuandaa kwa Kwaresima. Mimi si mhubiri. Kazi yangu ilikuwa chaki na ubao, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hata nilipostaafu. Lakini kule chuoni tulifundishwa kuandika kila jioni mambo ya siku, na tabia hiyo haikuniacha. Basi nimelifungua daftari langu la mwaka 2024, penye juma lile la Jumatano ya Majivu, nikaona ni afadhali niwasomee hilo kuliko kutunga hotuba.

Jumapili, tarehe 11 Februari, nimeandika habari za joto tu. Mnajua kiangazi cha huku kwetu Muheza: kaskazi inavuma, majani ya migomba yanajikunja, na hata mbwa hataki kutoka kivulini. Usiku vijana walikesha kwa jirani mwenye televisheni, wakitazama fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ivory Coast iliifunga Nigeria mabao 2 kwa 1. Mimi nilikwisha lala.

Jumatatu asubuhi tulikuwa barazani tukinywa kahawa, redio ikatangaza kwamba Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa Kenya, amefariki usiku ule katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na mwalimu wake wa mbio, Gervais Hakizimana, Mnyarwanda. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Miezi minne tu nyuma, tarehe 8 Oktoba 2023, alikuwa amekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Kijana mwenye mke na watoto wawili.

Mtu mmoja pale barazani akasema, "Kijana, fedha na gari: hayo matatu hayakai pamoja." Wote tukatikisa vichwa kama watu wenye hekima, tukaendelea na kahawa. Hakuna aliyejua gari lile lilikwendaje wala barabara ilikuwaje. Na aliyesema maneno yale, ndugu msomaji, ni mimi.

Nilipokuwa nikiyaandika jioni nilikumbuka jambo jingine. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Ilikuwa asubuhi, saa ambayo sisi huku tulikuwa tukijiandaa kwenda Misa, tukaimba na kuwasha mshumaa wa kwanza. Tulipopata habari nilisema palepale, "Walikata miti hao." Baadaye wataalamu wa Serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima wenyewe ilinyonya maji mengi ya mvua ikalegea na kumeguka. Nilisikia maelezo hayo kwa masikio yangu. Lakini neno langu la kwanza sikulirudisha, wala hakuna aliyeniuliza. Neno la mwalimu mstaafu kijijini halirudishwi, hilo mnalijua.

Jumanne nilitoka mapema kabla jua halijachoma, nikapanda njia ya msituni kuelekea Amani na fimbo yangu. Napenda matembezi haya ya kiangazi, maana njia ni kavu. Juu ya miti mirefu walipita hondohondo wawili, na mvumo wa mabawa yao husikika kabla hujawaona. Ndege huyu nilikuwa nikiwafundisha watoto habari zake. Jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo, akaacha ufa mwembamba tu, na dume humletea udongo wa kuzibia, kisha matunda, siku baada ya siku, hata makinda yakue. Mwingereza mmoja, Moreau, aliyefika Amani mwaka 1928, aliwachunguza kwa subira kubwa. Nikifikiri habari za ndoa zetu humu mtaani, huona ndege huyu anastahili kualikwa kwenye semina.

Mbele kidogo, penye jiwe lenye unyevu kando ya kijito, niliona lile ua dogo la zambarau ambalo Wazungu huliweka madirishani mwao. Huku kwetu ni la porini. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Usambara, Baron von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, na jina lake la kitaalamu likatokana na lake yeye. Ua hili halitaki jua kali. Hutaka jiwe, kivuli na unyevu. Miti ya juu ikikatwa, nalo limekwisha. Nilikaa pale kitambo, nikishangaa jinsi palivyo baridi wakati kijijini watu wanatweta.

Kisha nikashuka nikikifuata kijito kilekile. Msitu ulipokwisha, kivuli kikakoma, na maji yakapita kati ya kingo tupu zenye udongo mwekundu uliopasuka. Upande wa kushoto palikuwa na miwa mizuri, minene, imefika hata majini. Nikaisifu. Ilikuwa miwa yangu.

Jumatano tulipakwa majivu. Padri alisoma, tukapiga magoti, kisha kila mtu akarudi nyumbani na alama yake usoni. Watoto wa jirani zetu Waislamu wakatutazama kwa udadisi kama kila mwaka. Alhamisi sina la kusema. Mgongo uliniuma nikashinda kitandani.

Ijumaa jioni alinijia kijana niliyemfundisha darasa la nne hata la saba, sasa ni mtu mzima mwenye watoto, tena ni katibu wa kamati yetu ya maji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Hakuketi. Aliuliza habari za mgongo, habari za wajukuu, habari za kuku. Nikaona ana jambo. Mwishowe akasema, "Mwalimu, naona haya. Kamati imenituma. Mama yule anayechota kule chini analalamika kwamba tangu miwa ifike ukingoni maji ni matope, na watoto wake wanaharisha. Wajumbe wengine waliogopa kuja."

"Waliogopa nini?"

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufundisha habari za vyanzo vya maji."

Ni kweli niliwafundisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto, na niliwapeleka watoto wale wakazipime mita hizo kwa kamba. Lakini nilimjibu vibaya. Nikamwuliza kama kamati imekwisha kwenda kwa wenye mashamba ya juu, au inawaonea wazee tu. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, Mwalimu," akaondoka. Mke wangu alisikia yote kutoka jikoni. Hakusema neno, akaniletea chai bila kunitazama.

Usiku ule nilifungua Injili ya Luka, sura ya 13. Mnajua habari ile. Watu walimjia Bwana wetu na habari mbaya za siku zile, jinsi Pilato alivyowaua Wagalilaya, kama sisi tunavyokimbilia barazani na habari za redio. Naye hakuwaacha wawahukumu waliokufa. Akawaongezea habari nyingine, ya wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu, akawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia neno wao wenyewe, watubu.

Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi kanisani, na kwa sauti nzuri. Usiku ule ndipo nilipoona kwamba nimeketi kati ya wale walioleta habari. Kiptum nilimhukumu kwa gari lake, watu wa Hanang kwa miti yao, na wote hao sikuwahi kuwaona. Mama wa kule chini namwona kila siku. Hupita na ndoo, hunipa shikamoo, nami humwitikia. Watoto wake waliumwa kwa ajili ya miwa yangu, nami nikamfokea mjumbe aliyeniletea habari.

Baada ya Siloamu, Bwana anaeleza habari za mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi apalilie na kutia samadi. Nimeona wahubiri wakikimbilia ule mwaka mmoja wa rehema, na ni vema. Lakini sisi wakulima tusisahau kwamba mwaka ule ulikuwa na jembe ndani yake. Tena hatuambiwi kama mti ule ulizaa. Habari inaishia kwenye samadi.

Jumamosi, tarehe 17, redio ilikuwa ikitangaza mazishi ya Edward Lowassa kule Monduli. Barazani, naambiwa, walibishana sana juu yake, mema yake na mengineyo. Mimi sikwenda. Nilikumbuka tu kwamba aliwahi kuwa Waziri wa Maji, na mradi wa kuyatoa maji Ziwa Victoria hata Kahama na Shinyanga aliusukuma yeye. Nilichukua jembe nikang'oa miwa. Mke wangu alikuja na panga bila kuitwa. Saa nne hivi yule kijana akapita njiani, akasimama. Nikamwambia, "Mwanangu, jana nilikosa. Nisamehe." Akavua shati, akalitundika kwenye mti, akaingia shambani. Barazani nilikwenda Jumatatu, nikasema habari za Kiptum na za Hanang. Hilo lilikuwa gumu kuliko miwa. Mzee mmoja alicheka.

Hasara ilikuwa kubwa, sitawaficha. Ile miwa ndiyo iliyokuwa ikilipia sukari na mafuta ya taa, na pensheni mnaijua. Tulipanda miche sita ya mikuyu ukingoni. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa, mto ukachukua minne. Tukapanda tena. Mmoja wa ile ya kwanza sasa umenipita urefu, na nyasi zimeshika udongo mahali pengi, ingawa si pote. Wa mashamba ya juu nimezungumza nao wawili. Mmoja amesogeza bustani yake, mwingine bado ananiamkia kwa mbali.

Mama wa kule chini alipita nyumbani mwaka jana na ndoo yake, akaitua mlangoni nitazame. Siku za jua maji ni safi, akasema. Mvua ikinyesha bado yanakuja mekundu kidogo.