Wajukuu Zangu, Msiape Mkiwa na Hasira

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Nina neno nanyi, na neno lenyewe ni la kiapo.

Nimesikia mmoja wenu amekula yamini kwamba hatakanyaga tena nyumba ya nduguye wa baba mmoja. Sitamtaja, anajijua. Lakini sitaki aendelee kulala na kiapo hicho kabla hajasikia habari za Wanoldor.

Wanoldor ni kabila la Waelfi, nao hawakuwahi kuishi duniani. Wamo katika kitabu kiitwacho The Silmarillion, cha J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Alikifanyia kazi tangu ujana, akafa mwaka 1973 hajakimaliza. Mwanawe Christopher ndiye aliyekipanga na kukitoa mwaka 1977.

Waelfi ninyi mmewaona kwenye filamu, warefu, wazuri, hodari wa upinde. Mimi nimewasoma katika misiba yao. Mwelfi hazeeki, wala hafi kwa maradhi. Hufa kwa silaha au kwa huzuni. Mnaweza kudhani hiyo ni neema, lakini fikirini vizuri. Kwetu sisi mauti husaidia: wazee wawili wenye kinyongo huzikwa, na wajukuu wao wakaoana. Mwelfi hana msaada huo. Akiweka chuki, ataishi nayo miaka elfu.

Wanoldor walikuwa kabila la mafundi, na fundi wao mkuu aliitwa Fëanor, mwana wa mfalme Finwë. Mama yake alifariki baada ya kumzaa, kwa kuwa nguvu zake zote zilimwendea mtoto. Baba akaoa tena, akapata wana wengine wawili, Fingolfin na Finarfin. Fëanor hakuwahi kuikubali ndoa ile. Nyumba za namna hiyo mnazijua, hamhitaji nizieleze.

Fëanor akatengeneza johari tatu, Silmarili, akatia ndani yake mwanga wa Miti Miwili iliyoangaza nchi yao kabla ya jua na mwezi. Mwanzoni alizivaa sherehe zikifanyika, watu wote wakazifurahia. Baadaye akazifungia ndani, asizionyeshe ila kwa baba yake na wanawe saba. Akawa hakumbuki tena kwamba mwanga uliomo hakuuumba yeye.

Mfinyanzi akilala amekumbatia chungu, watoto wake watakunywa maji kwa viganja. Neno hili ni langu, lichukueni.

Adui yao, Melkor, hakuanza na jeshi. Alianza na minong'ono. Huyu akamwambia, "Nduguyo anataka cheo chako," yule akamwambia, "Nduguyo anataka kukufukuza." Kila nyumba ikafua panga kwa siri, ikidhani ni yenyewe tu. Siku moja Fëanor akamwelekezea Fingolfin ncha ya upanga kifuani, mbele ya nyumba ya baba yao. Hapo hakuna adui aliyeonekana, wanangu. Walikuwa ndugu wawili tu, na maneno ya mtu asiyekuwapo.

Nawasihi, mkiletewa neno la ndugu yenu, mwendeeni yeye mwenyewe kwanza.

Melkor akaiua Miti. Fëanor akaombwa azitoe johari ili Miti ipone, akakataa. Na wakati huo tayari zilikuwa zimeibwa, na baba yake ameuawa akizilinda. Msiba wake ulikuwa mkubwa, siwezi kuubeza. Nimezika baba, najua. Lakini angalieni alilofanya na msiba ule.

Alisimama usiku, mienge ikiwaka, akaapa yeye na wanawe saba. Wakaapa kwa jina la Muumba wao, wakajilaani wenyewe kwa giza lisilo mwisho endapo hawatatimiza. Wakasema yeyote atakayeshika Silmarili, awe adui, awe rafiki, awe amezaliwa au hajazaliwa, watamwandama.

Awe hajazaliwa! Mtu anamhukumu mtoto ambaye mama yake bado hajampata.

Kiapo cha hasira ni kisu chenye makali pande zote mbili na hakina mpini. Utakishikia wapi?

Hazikupita siku nyingi wakaua ndugu zao. Walihitaji merikebu kuvuka bahari. Wateleri wa Alqualondë, Waelfi wenzao, wakakataa kuzitoa, maana walizipenda kama wao walivyozipenda johari. Wanoldor wakazichukua kwa upanga, bandarini pakalowa damu. Walipofika ng'ambo, Fëanor akazichoma moto, na Fingolfin na watu wake wameachwa nyuma. Hao wakalazimika kuvuka kwa miguu juu ya barafu ya kaskazini, na wengi wakafia huko.

Fëanor mwenyewe hakuufaidi hata ufalme. Aliuawa mapema, katika vita vya kwanza kabisa alivyopigana ng'ambo ile. Na akiwa anakata roho aliiona ngome ya adui, akajua kwamba nguvu za Waelfi hazitaiangusha kamwe. Alijua! Hata hivyo akawausia wanawe washike kiapo.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Baba anajua njia haifiki, na bado anawatuma watoto.

Nitawatendea haki, ufalme wao ulistawi. Walijenga dola katika nchi ya Beleriand, ngome kwa ngome, wakamzingira adui karibu miaka 400. Mmoja wao, Finrod, alijenga Nargothrond chini ya ardhi, mwingine, Turgon, akajenga Gondolin, mji mweupe uliofichwa na milima. Na kulikuwa na mema. Maedhros, mwana mkubwa wa Fëanor, alitekwa na kutundikwa kwenye jabali kwa kifundo cha mkono. Aliyekwenda kumtafuta peke yake, akiimba chini ya jabali, alikuwa Fingon, mwana wa yule Fingolfin aliyeachwa kwenye barafu. Akamkata mkono ili kumwokoa. Maedhros akaomba radhi kwa merikebu zilizochomwa, akamwachia Fingolfin ufalme.

Mnaona? Aliyekosewa alitoka yeye, akaenda, akaita. Uhasama wa baba zao ukazimika kwa safari moja. Laiti na kiapo nacho kingezimwa siku ile!

Hakikuzimwa. Mzingiro wa ngome ya adui ulivunjwa kwa moto, Fingolfin akafa akipigana na adui ana kwa ana. Gondolin nao ukaanguka. Turgon alipelekewa onyo auache mji, aondoke na watu wake, lakini aliupenda mno. Akabaki, na mpwa wake Maeglin, aliyekuwa ametekwa, akamwonyesha adui njia ya kuingilia. Tolkien alikiandika kisa hicho katika vile vya mwanzo, akiwa kijana anayeuguza homa ya mahandakini baada ya mapigano ya Somme ya mwaka 1916. Aliyeyaandika hayo alikuwa ameona majivu kwa macho yake.

Lakini Gondolin nauacha. Kinachonichoma mimi ni Doriath, ufalme mwingine wa Waelfi.

Johari moja ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa adui, na si na wana wa Fëanor. Waliichukua wapenzi wawili, Beren na Lúthien, ikarithiwa na mwana wao Dior. Kijana huyu hakuwa ameiba kitu. Ndiye yule ambaye wakati wa kiapo hakuwa amezaliwa. Wana wa Fëanor wakamvamia huko Doriath, wakamuua yeye na mkewe. Watatu kati yao nao wakafia hapo. Watumishi wa mmoja wa marehemu wakawachukua watoto wawili wa kiume wa Dior, wakawatupa msituni wafe njaa.

Maedhros alipopata habari alijuta. Aliingia msituni akawatafuta siku nyingi. Hakuwapata.

Wanangu, mtu huyu alikuwa mwema. Aliomba radhi, aliachia kiti cha ufalme, aliwatafuta watoto wa adui yake. Ila alikuwa ameapa. Usijidanganye kwamba moyo wako mzuri utakilainisha kiapo kibaya. Nawasihi, nawasihi tena.

Mwishoni adui alishindwa, kwa jeshi lililotoka ng'ambo ya bahari. Karibu nchi yote ya Beleriand ikazama. Johari mbili zikapatikana. Katika wana saba walikuwa wamebaki wawili, Maedhros na Maglor. Maglor alichoka. Alitaka waziache, wajisalimishe. Maedhros akauliza ni nani basi atakayewafungua kwenye kiapo walichoapa kwa jina la Muumba. Maglor akaona kwamba hata kama hakuna wa kuwafungua, kukivunja kutaleta uovu mchache kuliko kukitimiza. Lakini akakubali la kaka yake. Wakaua walinzi, wakazichukua.

Zikawaunguza mikono. Baada ya miaka yote ile na makaburi yote yale, hawakuweza hata kuzishika. Maedhros akajitupa na yake kwenye shimo la moto. Maglor akaitupa yake baharini, akawa anatembea ufukweni peke yake, akiimba majuto.

Sasa nisikilize wewe uliyeapa.

Swali la Maedhros, la nani atakayetufungua, halikupata jibu kwao. Kwetu lina jibu, na jibu si gumu. Mtume ametufundisha kwamba ukiapa, kisha ukaona lililo bora kuliko kiapo chako, ulifanye lile bora na ukitolee kiapo kafara. Na kafara imewekwa wazi katika Qur'ani: walishe maskini kumi chakula cha wastani unachowalisha wa nyumbani kwako, au uwavishe, au umwache huru mtumwa. Asiyeweza afunge siku tatu.

Watu kumi, mjukuu wangu. Sufuria moja ya wali na mchuzi. Fëanor hakuwa na mlango huo, wala Maedhros, na ndiyo maana mwisho wao ukawa ule. Wewe unao, na umeupa mgongo mwezi wa ngapi huu?

Usione aibu kwamba watu watasema umelegea. Waliosema hivyo hawatakuja kukusaidia kuwatafuta watoto msituni.

Nduguyo kakukosea, nakubali. Sijasema hukukosewa. Na Fingon alikosewa.

Kesho ni Ijumaa. Bibi yenu atakupa sufuria kubwa, mchele nitanunua mimi. Wapikie maskini kumi, wale washibe, kisha baada ya swala nenda kagonge mlango wa nduguyo.