Nusu ya Jino

Kiswahili cha sheria zetu kina neno moja linalofanya kazi tatu. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inamzungumzia mtu ambaye wagomvi wenyewe wanampa mamlaka ya kuwasikiliza na kutoa uamuzi utakaowafunga. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayokimbiliwa na wafanyakazi waliofukuzwa kazi, inalitumia neno hilohilo kwa maana nyingine: kuwakalisha watu wapatane, na wakishindwa kupatana ndipo hatua ya uamuzi inaanza. Kisha yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayepelekewa malalamiko na mwenye bima aliyechoka kuzungushwa. Mwanasheria anaweza kuudhika na mkanganyiko huu. Mimi naona unasema kweli. Tunapomwita mtu wa tatu hatujaamua bado tunataka nini kwake: atuambie nani mwenye haki, au atuwezeshe kuendelea kufanya biashara.

Ninafanya kazi katika chumba cha madai cha kliniki ya meno hapa Dar es Salaam. Mgonjwa anatoa kadi dirishani, anatibiwa, anasaini fomu, anaondoka. Kwake yeye mambo yameisha. Kwangu ndiyo yanaanza. Fomu inakwenda kwa kampuni ya bima, wahakiki wao wanaisoma, na baada ya wiki kadhaa malipo yanakuja pamoja na orodha ya makato. Kila kato lina sababu ya maneno machache. Sababu niliyoizoea kuliko zote ni hii: "Haikuthibitika kuwa ya lazima."

Jino likioza hadi kwenye neva, njia ni mbili. Unaling'oa, au unaliokoa: daktari anatoboa, anatoa neva iliyokufa, anasafisha mifereji ya mzizi, anaijaza, analiziba. Kung'oa huchukua kikao kimoja. Kuokoa huweza kuchukua vikao viwili au vitatu, na bei yake iko mbali. Kwa miaka miwili kampuni moja ilikuwa ikipokea madai yetu ya kuokoa jino, yenye bei ya 250,000 kwenye mkataba, na kulipa 120,000. Tofauti ya 130,000 waliikata. Tulipojumlisha mafaili yalikuwa 152, na deni 19,760,000.

Kinachonisumbua katika ugomvi wa namna hii ni kwamba tiba hufuta ushahidi wake. Mtu akikataa kulipa kodi, nyumba bado ipo, tutakwenda kuitazama. Lakini neva iliyooza ikishatolewa, hakuna wa kuithibitisha. Inabaki picha ya eksirei iliyopigwa kabla, kama ilipigwa vizuri, na maandishi ya daktari. Na daktari ndiye anayedai. Sisemi hivyo kwa kumtuhumu. Anayelipwa kwa kila anachofanya ana sababu ya kufanya zaidi, na anayelipa ana sababu ya kuona kila kitu hakikuwa cha lazima. Wote wawili wanaweza kuwa waadilifu na bado kila mmoja akaliona jino lilelile kwa jicho la mfuko wake.

Mkataba ulisema mgogoro ukishindikana kwa mazungumzo uende kwa msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote. Akapatikana wakili mkongwe, mpole, mwenye miwani minene. Nilikwenda kwa sababu mimi ndiye niliyejua kila faili liko wapi. Tulikaa siku mbili kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali. Yaliyosemwa humo ni siri kwa mujibu wa mkataba, ndiyo maana hutaona jina la mtu wala la kampuni hapa, lakini naweza kusema hivi: katika mafaili 152 yalifunguliwa tisa. Mengine yalitajwa kama "na mengineyo ya aina hiyo".

Uamuzi wake ulikuja baada ya mwezi. Kisheria unaitwa tuzo, neno lilelile tunalotumia kwa wasanii, na hakika kila upande uliupokea kama umeshinda kidogo. Kampuni ilipe nusu: 9,880,000. Ada ya msuluhishi wagawane sawa.

Watu wengi niliowasimulia walisema ni haki. Nusu ina sura ya haki. Mama akigawa kipande cha muhogo kwa watoto wawili wanaogombana, haulizi nani alikiona kwanza. Nami nikubali kwamba kuna nusu yenye heshima: pale ambapo ukweli umeshapotea kabisa na mwamuzi anakiri kwamba hajui. Kama faili halina picha, na daktari anakumbuka kwa shida, nusu inaweza kuwa ndiyo kauli ya kweli kuliko zote zinazowezekana.

Lakini nusu ya jumla ni jambo lingine. Kati ya yale 152 yalikuwemo mafaili ambayo hata mimi nisiye daktari nikiitazama picha naona doa jeusi limefika kwenye mzizi. Yalikuwemo mengine ambayo, kwa haki ya Mungu, nisingependa kuyatetea. Nusu iliyachukulia sawa. Daktari aliyeandika kwa uangalifu alikatwa ili kumfidia aliyelipua kazi, na mhakiki aliyekata kwa sababu ya msingi alitozwa kwa ajili ya yule aliyekata kwa mazoea. Kila mtu alitoka na asilimia hamsini, na hakuna jino hata moja lililotendewa asilimia hamsini.

Wenzetu wamejaribu kuikwepa nusu. Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2022 ya kuwakinga wagonjwa na bili za kushtukiza, mtoa huduma na kampuni ya bima wakishindana kila mmoja anaandika kiasi chake, na msuluhishi lazima achague kimoja kati ya viwili. Haruhusiwi kukaa katikati. Hoja ni kwamba ukijua hakuna nusu, utaogopa kutaja bei ya kichaa. Ni wazo zuri, na mgonjwa anatolewa kwenye ugomvi: halipi zaidi ya ambacho angelipa kwa mtoa huduma aliye kwenye mtandao wa bima yake. Lakini kati ya Aprili 2022 na Juni 2023 ziliwasilishwa kesi karibu 490,000, nyingi kupita kiasi walichotarajia watunga kanuni, na watoa huduma wameshinda mara nyingi kuliko bima. Mlango ukiwa na faida watu hupanga foleni. Na bima za meno pekee, zile zinazouzwa kando na bima ya afya, hazimo kwenye sheria hiyo. Meno hata huko ni mtoto wa kambo.

Ujerumani ilichukua njia nyingine, na ya zamani zaidi. Mwaka 1913 madaktari walikuwa tayari kugomea mifuko ya bima nchi nzima. Desemba yakafikiwa makubaliano Berlin, na ndani yake vikawemo vyombo vya kuwaamua. Leo madaktari wa meno wanaotibu wanachama wa mifuko ya umma wana chama chao cha kisheria kinachojadiliana na mifuko kuhusu mikataba na malipo. Wakikwama, chombo cha uamuzi kinaundwa na wawakilishi wa pande mbili kwa idadi sawa, pamoja na mwenyekiti na wajumbe wengine wawili wasioegemea upande. Kazi hiyo ni ya heshima, si ya kuajiriwa, na mjumbe hapokei maelekezo kutoka kwa yeyote. Ninachokipenda hapo ni kwamba ugomvi wa bei unamalizwa kwa wote, mbele, kabla mtu hajapanua mdomo. Kwetu tunauacha uzae faili moja moja, halafu tunaziamua kwa kapu.

Nasi tumeshaona inakuwaje pande mbili zikiwa hazielewani na saa inagonga. Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Kamati ilikuwa imeshaundwa, mashauriano yalikuwa yamefanyika. Mtu mwenye kadi halali alifika dirishani akaambiwa kadi yake leo haifanyi kazi. Naona uvivu kuileta hapa methali ya fahali wawili na nyasi, kila mtu ameitumia. Nyasi za kwenye methali zilijikuta tu chini ya miguu. Huyu wa dirishani ndiye mwenye fedha zinazogombewa. Zimekatwa kwenye mshahara wake.

Ndiyo maana baada ya tuzo nilirudi kwenye mafaili na kuongeza safu moja: mgonjwa alilipa nini?

Maana wapo waliolipa. Kampuni ilipoanza kukata, wapo wagonjwa walioambiwa kwamba bima yao haitoshi, waongeze 130,000. Walikuwa 41. Jumla yao 5,330,000. Fedha hizo hazikutajwa hata mara moja katika zile siku mbili, na sababu ni rahisi: mkataba ulikuwa wa watu wawili. Msuluhishi anaamua aliyoletewa.

Nikampelekea mkurugenzi wetu, daktari wa meno ambaye ninamheshimu hadi leo. "Shikamoo Dokta," nikamwambia, "hawa tumewatoza, na sasa bima nayo imelipa nusu ya hichohicho." Akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akasema hilo halikuwa sehemu ya kesi. Akasema pia, na hapa alikuwa na hoja, kwamba hata ukijumlisha tuzo na zile za wagonjwa kliniki imepata 15,210,000, bado pungufu kwa 4,550,000, bila ada ya wakili. Hajafaidika. Angerudishaje fedha huku yeye mwenyewe amedhulumiwa?

Nimeifikiria hoja hiyo kuliko nilivyomfikiria msuluhishi. Ina uzito. Lakini inafanya kosa lilelile la kapu. Kwenye jumla kliniki imepungukiwa. Kwenye faili la mtu mmoja mmoja, 65,000 imelipwa mara mbili, na mara ya kwanza ililipwa na mtu ambaye kwa mujibu wa tuzo yenyewe hakupaswa kuilipa. Alimlipia bima deni lake. Hasara ya mafaili mengine 111 hakuisababisha yeye, wala hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuichangia. Tukisema asirudishiwe kwa kuwa sisi tumeumia, tunamfanya mdhamini wa ugomvi ambao hakuitwa kuusikia.

Nilimwambia karibu hivyo, kwa maneno machache zaidi na kwa sauti ya chini. Zilipita wiki tatu. Kisha akaniita akasema warudishiwe 65,000 kila mmoja, nusu iliyotokana na tuzo: 2,665,000. Ile 65,000 nyingine hakuitaja, nami siku hiyo sikuigusa.

Kumrudishia Mtanzania fedha kwa simu ni kazi. Unampigia mtu usiyemjua, unamwambia una hela yake, unamwomba athibitishe namba. Wengi walikata. Mmoja alinitukana kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia, akidhani mimi ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengine ilibidi nianze kwa kuwatajia jino lenyewe, gego la chini kushoto, mwezi gani, kulikuwa na mvua.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza kuhusu makato, msuluhishi, nusu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nililipa laki na thelathini. Hiyo nusu nyingine ni ya nani?"

Nikamwambia kwenye uamuzi haikutajwa.

"Na ungekuwa wewe ndiye uliyekaa pale?"

Nilikuwa na kalamu mkononi na orodha ya watu 26 bado. Nikamwambia ningeanza kwa kuuliza aliyelipa yuko wapi. Akanyamaza, halafu akasema nimtumie kwa namba hiyohiyo aliyopokelea, si ile ya kwenye faili, ile ni ya mtoto wake na hatamfikishia.