Wekeni Mtu wa Hesabu Msikitini



Kila Shaabani ikielekea kwisha, huanza yaleyale. Huyu kauona mwezi, yule hakuuona; nyumba hii wanafunga, ya jirani bado wanakula mchana. Waulize wanaobishana: magharibi ile jua lilipozama, mwezi ulikuwa nyuzi ngapi juu ya upeo? Kimya. Tunagombania kitu tusichojifunza, wakati wako Waislamu waliokijua kwa hesabu, tena kazi yao wakiifanyia ndani ya msikiti.

Nawaletea mmoja wao, Ibn al-Shatir, mzaliwa wa Damascus mwanzoni mwa karne ya 14. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Jamaa wakamlea, wakamfundisha kunakshi kwa pembe za ndovu, na nadhani mkono uliozoea kazi ile haukupata taabu baadaye kuchora mistari ya saa. Akasafiri hadi Kairo na Alexandria kusoma falaki. Kisha Msikiti Mkuu wa Bani Umayya wa Damascus ukamfanya mtunza nyakati wake. Wanakamati, hapo nisikilizeni vizuri: ilikuwa kazi ya msikiti! Palikuwa na imamu, palikuwa na muadhini, na palikuwa na mtu wa hesabu.

Mwaka 773 wa Hijria (1371–72) alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti ule, bamba la marumaru lenye urefu wa kama mita 2 na upana wa mita 1. Kijiti chake alikielekeza sambamba na mhimili ambao mbingu huonekana kuuzunguka, saa zikawa na urefu uleule kiangazi na kipupwe. Alasiri ilikuwa na mstari wake. Mistari ile haichoreki kwa kubahatisha. Inataka jiometri ya tufe, majedwali ya pembe, na kujua mji wako uko umbali gani kutoka ikweta. Adhana ya Damascus ilisimama juu ya hisabati.

Lakini kazi yake kubwa ni mwezi. Ptolemy wa Alexandria, aliyefuatwa na wanachuoni kwa zaidi ya miaka 1,000, aliacha hesabu iliyoeleza vizuri mwezi uko upande gani wa mbingu. Ukiifuata hesabu hiyohiyo mpaka mwisho, mwezi ulio nusu husogea karibu na ardhi kiasi kwamba upana wake ungeonekana karibu mara mbili. Nani amewahi kuuona hivyo? Mchunga mbuzi yeyote angempinga kwa macho yake, na vitabu vikaendelea kunakiliwa. Ibn al-Shatir akakataa. Akaweka duara dogo lizunguke juu ya duara jingine, kila moja kwa mwendo usiobadilika, na kwa mpango huo mwezi ukabaki kwenye njia yake bila kuvimba namna ile.

Mwaka 1543 kitabu cha Copernicus, mwanafalaki aliyesema dunia inalizunguka jua, kilichapishwa Ulaya, na hesabu yake ya mwezi ni ileile. Mwaka 1957 ndipo Victor Roberts alipoziweka mbili hizo pamoja katika jarida la wanahistoria wa sayansi. Hapa nawazuia wenye kupenda kuongeza chumvi: Ibn al-Shatir aliiacha dunia katikati, hakusema inalizunguka jua. Na njia ambayo hesabu yake ingeweza kumfikia Copernicus, wanahistoria wanaibishania hadi leo. Msimpambe kwa uongo juu ya mimbari. Aliyoyafanya yanatosha.

Na sisi je? Mtoto anahitimu madrasa, kasoma tajwidi, kahifadhi, Mungu ambariki. Muulize kwa nini ratiba ya swala ya Tanga haifai Kigoma, hajui. Miji hiyo iko karibu sawa kwa umbali kutoka ikweta, ila Kigoma iko magharibi kwa nyuzi kama 9 na nusu. Kila uzi mmoja ni dakika 4. Magharibi ya Kigoma huingia kama dakika 38 baada ya ile ya Tanga. Hesabu ya darasa la sita hiyo, na inagusa futari ya watu!

Enyi wazazi, acheni kusema falaki ni mambo ya wazungu. Enyi wanakamati, Ijumaa hii mwulizeni mweka hazina zulia jipya limegharimu kiasi gani, kisha mmwulize mwalimu wa hisabati angelipwa kiasi gani kwa mwaka. Na kabla fedha haijapatikana, anzeni: simamisheni fimbo wima uani mwa msikiti saa tano na nusu, wapeni watoto chaki, waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano mpaka kianze kurefuka tena. Binti na mvulana, wote. Waambieni wapate wenyewe wakati wa adhuhuri, halafu waulinganishe na ratiba iliyobandikwa ukutani.