Hatari kwa mwekezaji haikuanza na maandamano



Ndugu zangu Waislamu, tangu wananchi wa Tunisia na Misri walipowaondoa watawala wao mwanzoni mwa mwaka 2011, lipo somo ambalo mabenki na wataalamu wa uchumi hawachoki kulisomesha. Wanasema nchi ikishaingia katika maandamano mtaji hukimbia, kwa hiyo mwenye akili asipeleke fedha zake huko mpaka hali itulie. Na baadhi ya masheikh wetu wamelichukua somo hilo, wakalivisha kanzu na kulipandisha mimbari: bora mtawala dhalimu kuliko ghasia mitaani.

Tusiwe wakaidi, madhara yalikuwepo. Soko la hisa la Cairo lilifungwa mwishoni mwa Januari 2011 na halikufunguliwa mpaka Machi 23. Watalii walioingia Misri mwaka 2010 walikuwa kiasi cha milioni 14.7, mwaka uliofuata hawakufika milioni 10. Akiba ya fedha za kigeni, iliyokuwa kama dola bilioni 36 kabla ya maandamano, Machi 2013 ilikuwa chini ya bilioni 14. Tunisia nayo, baada ya watu 38 kuuawa kwa risasi kule Sousse Juni 2015, hoteli zilibaki tupu. Dereva wa teksi na mpishi wa hoteli hawakuwa na kosa, na watoto wao walilala na njaa kama kawaida ya watoto wa maskini popote. Katika Suratul Quraysh Allah (S.W.) anawakumbusha Maquraishi neema mbili, kulishwa baada ya njaa na kupewa amani baada ya hofu. Anayedharau amani haijui Qur'an.

Lakini hebu tujiulize, hiyo hatari ilianza lini?

Miezi michache tu kabla ya Ben Ali kukimbia, Jukwaa la Uchumi Duniani liliiweka Tunisia nafasi ya 32 duniani na ya kwanza Afrika nzima kwa ushindani wa kiuchumi. Misri nayo ilikwisha kusifiwa na Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya biashara ya mwaka 2008, kuwa kinara wa mageuzi duniani. Hao ndio wenye mizani ya kupimia hatari! Mwaka 2014, mtawala akiwa ameshaondoka, Benki hiyo hiyo ikatoa utafiti ulioonyesha kwamba makampuni 220 yenye uhusiano na familia ya Ben Ali yalikuwa yakichukua asilimia 21 ya faida yote ya sekta binafsi Tunisia. Sheria za vibali zilitungwa kwa namna ya kuyalinda. Utulivu ulikuwepo, ila ulikuwa na wenyewe.

Na aliyeanguka kwanza hakuwa mwekezaji kutoka Ulaya. Desemba 17, 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, kijana Mohamed Bouazizi, muuza matunda wa mkokoteni, alinyang'anywa bidhaa na mizani yake na maafisa wa manispaa. Akaenda kushtaki, hakusikilizwa, akajimwagia mafuta na kujichoma. Kujiua ni haramu na sikusudii kukipamba kitendo kile. Ninachouliza ni hiki: mkokoteni ule ulikuwa nini kama si mtaji? Na ile safari ya kwenda ofisini kushtaki, mlango ukafungwa, ina tofauti gani na ya bwana mkubwa mwenye kiwanda anayenyang'anywa na asipate pa kusemea? Nabii Shu'ayb (A.S.) aliwakataza watu wake kupunja vipimo na kuwapunguzia watu haki zao, na hapo hapo akawakataza kufanya ufisadi katika ardhi.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406 baada ya kuwa kadhi huko zaidi ya mara moja, aliieleza hali hii karne nyingi kabla ya Jukwaa la Uchumi. Katika Muqaddimah anafafanua kuwa watu wakiona mali zao zinachukuliwa, hukata tamaa ya kuchuma, mikono ikalegea na masoko yakafa. Tena anaonya juu ya mtawala kuingia sokoni kufanya biashara, maana hakuna raia awezaye kushindana naye.

Sasa tazameni Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara kutoka Yemen alileta bidhaa, akanunua mkubwa mmoja wa Makka, Al-As bin Wail, kisha akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Akapaza sauti hadharani mbele ya watu karibu na Al-Kaaba. Wakakutana baadhi ya koo za Kiquraishi nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Mtume (S.A.W.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya utume akasema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye mapatano kama yale angeitika. Haki ya mgeni mwenye bidhaa na haki ya mnyonge wa Makka zililindwa kwa kiapo kimoja.

Misri ilifanya nini? Mwaka 2006 serikali iliuza maduka makubwa ya Omar Effendi kwa kampuni ya Saudi Arabia. Baada ya Mubarak kuanguka, mwaka 2011, mahakama ikaufuta mkataba. Wawekezaji wakalalamika, na tuwe waadilifu, aliyelipa kwa nia njema naye ana haki ya kusikilizwa. Ila dawa iliyotolewa ikawa Sheria namba 32 ya mwaka 2014, inayomzuia mtu asiyekuwa sehemu ya mkataba kuupinga mahakamani mkataba kati ya serikali na mwekezaji. Mali ya umma inauzwa, na mwenye mali, yaani raia, haruhusiwi kwenda kwa kadhi.

Fedha zilikuja, hatukatai. Julai 2013, baada ya jeshi kumpindua Rais Morsi, nchi tatu za Ghuba ziliahidi dola bilioni 12. Februari 2024 Umoja wa Falme za Kiarabu ukaingia mkataba wa dola bilioni 35 kuhusu Ras el-Hekma. Hata hivyo, dola moja iliyokuwa chini ya pauni 6 mwanzoni mwa 2011 ilikaribia pauni 50 Machi 2024, na mlaji wa mkate ndiye aliyeubeba mzigo huo.

Basi Muislamu mwenye mtaji, akiambiwa nchi fulani imetulia na sasa ni wakati wa kuingia, asitosheke na daraja za mashirika. Aulize habari za kadhi: nani anamteua, nani anaweza kumfukuza, na muuza matunda akinyang'anywa mizani yake anapokelewa vipi. Tunisia ilikuwa na jibu linaloanza kutia moyo. Juni 2022 Rais Kais Saied akawafukuza majaji 57 kwa siku moja.

Wallahu a'lam.