Mkate Usiotiwa Chachu

Wapenzi wakatekumeni, mwauliza kwa nini mkate wa Misa ni mwembamba, haukuumuka. Sikilizeni.

Katika Misri ya kale mkate na pombe vilikuwa ndugu. Vyote viwili vilitoka katika shayiri na ngano, na vyote viwili vilifanywa kwa chachu. Mwaka 2021 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba wamefukua huko Abydos kiwanda cha pombe cha miaka kama 5,000, chenye uwezo wa kupika lita 22,400 kwa mara moja. Si mtungi wa mama zetu huo! Tena fedha ya sarafu haikuwapo; wajenzi wa mapiramidi walipewa mkate na pombe kuwa ujira wao.

Basi Waisraeli walipotoka utumwani usiku ule, waliuchukua unga wao uliokandwa kabla haujaumuka, kwa maana chachu hutaka muda, nao walikuwa wakifukuzwa. Walakini huko jangwani, njaa ilipowashika, walimnung'unikia Musa, wakaitamani mikate ya Misri waliyoila hata wakashiba. Miguu ilikwisha kutoka. Tumbo lilikuwa lingali kwa Farao.

Mkate wa safari ile ndio alioutwaa Bwana wetu katika karamu ya mwisho. Nanyi mtaupokea usiku wa Pasaka, mkiisha kubatizwa.