Maumbile, Jamii na Mgawanyo wa Kazi Kando ya Mto Tana

Majukumu ya kijinsia ni mgawanyo wa kazi, mamlaka na heshima kwa kigezo cha mtu kuzaliwa mwanamke au mwanamume. Vyanzo vyake viwili, maumbile na jamii, hutajwa kwa urahisi. Kigumu ni kujua kimoja kinakomea wapi na kingine kinaanzia wapi. Eneo la Hola, katika Kaunti ya Tana River nchini Kenya, linafaa kwa uchunguzi huo, kwa kuwa wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma wanategemea mto mmoja huku kila jamii ikiwa na desturi zake za kazi.

Yasiyo na ubishi ni machache. Mwanamke ndiye abebaye mimba, azaaye na anyonyeshaye. Wanaume, kwa wastani, wana misuli mikubwa zaidi, hasa ya mikono na mabega. Lakini wastani haumhukumu mtu mmoja mmoja. Mwaka 1970 mwanaanthropolojia Judith Brown alitoa hoja kwamba jambo kuu si nguvu bali malezi: kazi huwaangukia wanawake ikiwa haiwapeleki mbali, haimhatarishi mtoto, na inaweza kuachwa na kurudiwa. Hoja hiyo inalingana na maisha ya Waorma. Kiangazi kikikaza, vijana wa kiume ndio huondoka na mifugo kwenda malisho ya mbali, na wanawake hubaki kijijini na watoto na ng'ombe wachache wa maziwa.

Nyumba nayo inaivuruga hoja kwamba nguvu za mwili ndizo zinazogawa kazi. Nyumba ya jadi ya Waorma, ya mviringo, yenye fito zilizopindwa na kuezekwa nyasi, hujengwa na wanawake. Kukata fito, kuzibeba, kuzipinda na kuezeka si kazi nyepesi, na katika jamii nyingi nyingine ujenzi huhesabiwa kuwa wa wanaume kwa sababu hiyohiyo ya uzito. Familia inapotulia na kutaka nyumba ya mabati, kazi huenda kwa fundi wa kulipwa, aghalabu mwanamume. Miili haikubadilika, vilivyoingia ni misumari, mabati na fedha. Kukama nako hakuna mwenyewe wa kudumu. Kwa Wanueri wa Sudan Kusini, mwanamume aliyekwisha kuchanjwa alama za utu uzima kijadi hakami. Kwa Wazulu wa zamani wanawake ndio waliozuiwa wasikaribie zizi, na wavulana na wanaume wakakama. Kiwele ni kilekile.

Serikali pia hugawa majukumu. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianza mwaka 1953 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, waasi waliopinga ukoloni wa Waingereza. Baadaye mashamba ya pamba yalipogawiwa familia, leseni iliandikwa jina moja, na kwa kawaida katika miradi ya aina hiyo jina lilikuwa la mume, hata pale mke alipopalilia na kuvuna. Homoni hazikuhusika.

Uhusiano huu pia huenda kinyume: jamii hubadili mwili. Mwaka 1986 watafiti waliopima wanawake wa Kijaluo na Kikuyu nchini Kenya waligundua kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi kuliko wakitembea mikono mitupu. Wajaluo walibeba kichwani, Wakikuyu kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Baadaye ilionekana kwamba siri imo katika mwendo uliozoewa kwa miaka mingi. Mtu anayemwona mwanamke akipanda kutoka mtoni na mtungi anaweza kudai kwamba ameumbiwa kazi hiyo, kumbe kazi ndiyo iliyomuumba hivyo. Ukeketaji, ambao bado unafanywa katika kaunti hii ingawa sheria ya mwaka 2011 inaupiga marufuku, ni mfano mchungu zaidi: jamii inashika wembe ili mwili ulingane na wazo lake la mwanamke. Kama maumbile peke yake yangetosha kumfanya mtu mwanamke, wembe usingehitajika.

Ingetarajiwa basi kwamba marufuku ya kuwazuia wanawake wasifanye kazi fulani iwe kali zaidi pale mimba na misuli vinapohusika zaidi. Mambo ni kinyume. Wanawake hubeba maji, hujenga, hulima wakiwa na mtoto mgongoni. Lakini Gasa la Wapokomo na Matadheda la Waorma, mabaraza yanayoamua ugomvi wa ardhi, maji na malisho, kijadi ni ya wazee wanaume. Kusikiliza shauri hakuhitaji mabega, wala hakumtengi mama na mtoto kuliko kwenda kisimani. Katika ngazi ya taifa, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge lilishindwa kupitisha sheria ya kuitekeleza, na mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.